Jinsi ya kusafiri na mtoto wa miaka miwili Dar mpaka Moro ukiwa baba peke yako

Wakuu, hii nawaandikia wababa wenzangu wenye watoto wadogo, hasa wa kuanzia mwaka na nusu mpaka mitatu, wale ambao walikuwa wanapenda kutoka ila tangu dogo azaliwe wamekaa tu wanasubiri akue. Mimi kabla binti yangu hajazaliwa nilikuwa napanda milima, Lupanga ule wa juu ya Morogoro mjini, mita 2,138, nimeupanda mara kadhaa, alipozaliwa nikaacha karibu miaka miwili. Sasa nimeshaenda naye Moro mara nne, mimi na yeye tu, mama yake anabaki Dar anapumzika na kufanya mambo yake. Na nilichokiona ni kimoja: safari inapangwa kwa kufuata usingizi wa mtoto. Ukilikosea hilo hata ubebe midoli ya duka zima haitakusaidia.

Binti yangu mchana analala kuanzia kama saa saba hivi, kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Safari ya kwanza sikuliwaza hilo kabisa, nikapanda naye basi la saa tano asubuhi, foleni ikatushika mpaka Kibaha, ilipofika saa saba joto kali, kelele, muziki juu, hajalala, nimempa juisi na maandazi ili anyamaze, tulipokaribia Chalinze akatapika vyote juu yangu na juu yake. Na nguo za kubadilisha nilikuwa nimeziweka kwenye begi kubwa, lipo kwenye buti huko chini. Dada mmoja siti ya pembeni akanipa khanga yake nikamfunga mtoto, Mungu ambariki popote alipo. Kwahiyo nguo za kubadilisha pea mbili za mtoto na fulana moja YAKO zinakaa kwenye kibegi cha mkononi, siku zote, hata kama safari ni ya saa moja.

Baada ya hapo nikahamia SGR na kiukweli kwa mtoto mdogo hakuna ubishi, treni ni bora kuliko basi. Ilianza kwenda Moro Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huohuo, Dar mpaka Moro ni chini ya saa mbili au zinazidi kidogo kutegemea kama ni ile inayosimama vituo vyote au ya haraka, hakuna foleni, hakuna matuta, mtoto anaweza kusimama akatembea kwenye korido, choo kipo. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa 13,000, angalia ya sasa kabla hujapanga bajeti. Watoto chini ya miaka 4 hawalipi, kuanzia 4 mpaka 12 nusu nauli, ila wakati wa kukata tiketi sema una mtoto na utembee na cheti chake cha kuzaliwa au kopi, kwa sababu kuna watoto wana miaka mitatu lakini kwa umbo unaweza kudhani yupo darasa la kwanza. Wikiendi na sikukuu tiketi zinaisha mapema, kata siku kadhaa kabla.

Saa ya kuondoka sasa. Kwenda, chukua treni ya asubuhi, mtoto akiwa ameamka na amekula, kwa sababu stesheni kuna ukaguzi wa mizigo na kutembea kwingi, na kubeba mtoto aliyelala huku unaweka begi kwenye mashine na kutafuta kitambulisho ni kazi ngumu sana ukiwa peke yako. Kurudi ndiyo chukua ya mchana, mcheleweshe kidogo kulala, mkishaingia ndani na kukaa analala mwenyewe anaamkia Pugu, karibu na Dar. Fika stesheni mapema, treni haimsubiri mtu, na ukiwa na mtoto hesabu nusu saa ya ziada kwa sababu lazima ataomba kwenda kujisaidia mkiwa kwenye foleni ya kuingia.

Ndani kuna kiyoyozi na madirisha hayafunguki, beba sweta na soksi hata kama Dar jua linawaka. Kama unaweza kuchagua siti, wakati wa kwenda kaa upande wa kushoto, ukishapita Ngerengere milima ya Uluguru inaanza kuonekana upande huo na mtoto ana kitu cha kuangalia. Mimi simu simpi mpaka nusu ya mwisho ya safari, nikimpa mwanzoni inaisha maana mapema halafu sina silaha nyingine. Namwonyesha ng'ombe, nyumba, mto Ruvu, tunahesabu nguzo za umeme, hajui kuhesabu vizuri lakini anafurahi.

Chakula. Beba vitu vikavu visivyonuka na visivyochafua: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, chapati iliyokatwa vipande vidogo, yai la kuchemsha la kula ndani ya saa chache. Uji weka kwenye chupa ya chai ukiwa wa moto kabisa, umwagie kwanza maji ya moto hiyo chupa kisha uyamwage ndio uweke uji, kwa sababu uji wa vuguvugu ukikaa masaa unaharibika na mtoto ataharisha. Karanga, bisi na pipi ngumu usimpe, mtoto wa umri huu zinampalia kirahisi na kwenye mwendo ndiyo hatari zaidi, najua zinauzwa kila mahali na watu wa pembeni watampa kwa upendo tu, zipokee kwa heshima, sema ahsante mama, weka mfukoni.

Na watu watakuuliza "mama yake yuko wapi?" Utaulizwa na kila mtu, mlinzi, abiria, mwenye gesti. Mwanzo nilikuwa naumia, siku hizi nimeelewa wengi wanauliza kwa kumjali mtoto. Jibu kwa upole, "yupo nyumbani salama, leo ni zamu yangu", inatosha. Na ndiyo maana nyingine ya kubeba cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, mtu akiwa na wasiwasi wa kweli unamwonyesha hauna haja ya kugombana naye, kuna watoto wanaibiwa na mimi nafurahi kukiwa na watu wanaouliza.

Sasa suala la mbeleko ambalo wababa wengi wanaliona aibu. Ndugu zangu, stroli Morogoro milimani haina kazi, na kumbeba mtoto wa kilo 12 mkononi kwa saa moja mkono unakufa ganzi. Mkwe wangu, bibi yake binti, ndiye aliyenifundisha kufunga, akaniambia baba kwanza chagua nguo ya pamba, kitenge kizito au khanga ya pamba iliyokwisha fuliwa mara nyingi, zile za kuteleza achana nazo. Unainama mbele mpaka mgongo unakuwa kama meza, mtoto unampandisha juu, kifua chake kwenye mgongo wako, juu siyo kiunoni. Unatupia kitenge juu yake, upande wa chini unapita chini ya makalio mpaka kwenye mikunjo ya magoti, hapa ndipo wengi wanakosea, miguu isining'inie, magoti yanatakiwa yawe juu kidogo kuliko makalio kama chura. Ncha moja inapita juu ya bega, nyingine chini ya kwapa, unakaza unafunga fundo kifuani. Halafu unasimama taratibu na kurukaruka kidogo kuona kama anashuka, akishuka fungua anza upya, usijidanganye itakaa. Jifunze nyumbani juu ya kitanda na mtu akiwa nyuma yako, mimi nilifanya mazoezi wiki nzima kabla sijathubutu kutoka naye. Kichwa na uso viwe wazi muda wote, kofia kichwani, na kila baada ya dakika 40 hivi mshushe anyooshe miguu.

Stesheni ya SGR Moro ipo Kihonda, siyo katikati ya mji, kwahiyo ukishuka chukua bajaji au daladala. Bodaboda na mtoto mdogo hapana. Najua tunapanda Dar kila siku, lakini umpakate mtoto mbele na begi mgongoni kwenye barabara yenye malori, mimi sikushauri hata kama ni kilomita mbili.

Mlima gani sasa? Lupanga usimpeleke, ni mwinuko mkali unateleza na hata mtu mzima anarudi magoti yanatetemeka. Nenda njia ya Morningside, kule kwenye jengo la zamani la enzi za Mjerumani, njia inapanda taratibu kupitia mashamba na nyumba za Waluguru, mnakutana na kina mama wanashuka na ndizi na mboga vichwani kwenda sokoni, mtoto anasalimia watu njia nzima. Mtu mzima anayetembea vizuri anatumia kama saa mbili kupanda, na mtoto weka tatu au zaidi na usijiwekee kwamba lazima ufike juu. Safari yangu ya pili tuligeuza nusu ya njia kwa sababu alikuta vijito viwili vitatu vya maji akataka kutupa majani yaelee, tulikaa pale saa nzima na hiyo ndiyo siku anayoisimulia mpaka leo. Anza saa moja asubuhi, mawingu na mvua huko juu mara nyingi vinakuja mchana. Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba, masika ya Machi mpaka Mei njia ni utelezi mtupu. Chukua kijana wa pale akuongoze, mkubaliane bei kabla, mwambie kabisa nina mtoto natembea polepole, atakubebea begi na wewe unabeba mtoto. Ukitaka kupita Morningside kuingia kwenye msitu wenyewe wa hifadhi kuna kibali na kiingilio, ulizia kabla.

Maji ya kuchezea yawe yale ya mlimani yanayokimbia na wewe umemshika mkono. Kwenye bwawa au maji yaliyotuama usimwingize, kuna kichocho. Maji ya kunywa beba mwenyewe, ya chupa au yaliyochemshwa.

Usiku ndiyo mtihani mkubwa kuliko mlima. Mchana mtoto anakuwa bize, ikifika saa mbili usiku anakumbuka mama. Safari ya kwanza nikafikiri nimsaidie, nikampigia mama yake video, alipomwona tu akalia dakika arobaini, anaishika simu anataka kuingia ndani yake, mama naye huko analia. Tangu siku hiyo tunapiga asubuhi baada ya chai, na anaongea vizuri anamweleza mama habari za ng'ombe. Usiku nabeba khanga ya mama yake ambayo HAIJAFULIWA, aliyoivaa siku mbili tatu, namfunika nayo, ile harufu inamtuliza kuliko maneno yangu yote. Na fuata mpangilio uleule wa nyumbani, kama nyumbani ni kuoga, uji, hadithi, taa inazimwa, basi na gesti iwe hivyohivyo, muda uleule. Akilia mwache alie kifuani kwako, usimwambie mama anakuja sasa hivi wakati haji. Mimi namwambia mama yupo nyumbani, tutamwona keshokutwa, tukilala mara mbili. Anaelewa zaidi ya tunavyodhani.

Gesti kabla hujalipa ingia chumbani uangalie: chandarua kipo na hakina matundu, maji ya moto yapo kwa sababu Moro mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi, chumba kiwe cha chini, na kama kuna kibaraza basi nondo zake zisiwe na nafasi ya mtoto kupita. Chandarua mimi nabeba changu, gesti moja tulikuta kimechanika na mapokezi wakasema mbu hawapo, tuliamka na alama za kutosha.

Kwenye kibegi cha dawa usijaze duka zima. Kipimajoto, paracetamol ya maji ya watoto na sindano ya plastiki ya kupimia, kipimo umeshaulizia duka la dawa kwa kilo zake na umekiandika kwenye chupa, ORS pakiti mbili tatu (pakiti moja kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida lita moja, siyo kwenye kikombe), na plasta. Akiharisha mpe ORS kidogokidogo kwa kijiko na endelea kumlisha. Ukiona hanywi kabisa, anatapika kila kitu, amelegea, hakojoi, au analia bila machozi, hapo safari imeisha, nenda hospitali iliyo karibu usisubiri urudi Dar. Homa ikija, apimwe malaria kwanza, usimpe dawa ya malaria kwa kukisia, na hata wiki mbili baada ya kurudi akichemka mwambie daktari mlikuwa Moro.

Mkirudi nyumbani mtoto atamkimbilia mama yake na wewe hatakuangalia tena siku hiyo, ni kawaida. Mwambie mama alikula nini, alilala saa ngapi, kama kuna dawa umempa na saa ngapi, na kama alianguka sema alianguka. Halafu fua kitenge, kianike, pampasi zilizobaki na ORS ziache humohumo kwenye kibegi. Binti yangu Ijumaa jioni akikiona kile kibegi anakwenda mwenyewe kutafuta kofia yake.