Kabla hujapunguza patisheni (kipande cha diski), pata namba za kweli
Jamani ukitaka kugawa diski kwa GParted (programu ya Linux ya kugawa diski) usiamini namba ya nafasi iliyotumika wakati patisheni bado imemauntiwa (mfumo umeifungua na unaitumia), maana data zinaendelea kuandikwa. Buti kwa flashi yenye Linux, kama patisheni ni ext4 (mfumo wa faili wa Linux) fungua teminali uikague kwa kupiga sudo e2fsck -f /dev/sda2 (weka jina la patisheni yako, liangalie mara mbili tafadhali), ikimaliza ndo fungua GParted usome nafasi iliyotumika. Kama ni NTFS (mfumo wa faili wa Windows), izime Windows huku umeshika Shift ili izimike kabisa, la sivyo inabaki nusu usingizi na utaona kale kapembetatu ka onyo kwenye GParted. Na usishtuke diski ya GB 500 kusoma kama GiB 465, GParted inahesabu kwa 1024, kiwandani wanahesabu kwa 1000.