Somo: Kumtafuta babu wa Kiingereza kwenye nyaraka

Kama una babu Mwingereza na mkononi huna zaidi ya jina na picha moja, anza na kile unachokijua kwa hakika, kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Ukiruka, utaokota ukoo wa wenyewe.

Hatua ya 1: Vyeti. England na Wales, serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Fahirisi zimepangwa kwa robo mwaka, na robo hiyo ni ya kuandikishwa. Wazazi walikuwa na siku 42, kwa hiyo mtoto wa Desemba mtafute hata robo ya Machi. Tovuti ya FreeBMD, unakoweza kuzitafuta fahirisi hizo, ni bure.

Cheti cha ndoa ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Bwana na bibi harusi, kila mmoja ameandikiwa jina la baba yake na kazi ya huyo baba. Kwenye umri ukikuta "full age", ujue ni miaka 21 au zaidi, basi.

Hatua ya 2: Sensa. Ilifanyika kila miaka kumi. Ile ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima: wa miaka 34 aliandikwa 30. Ya 1851 inataja uhusiano na mkuu wa kaya na parokia aliyozaliwa mtu. Ya 1911 iliuliza wenye ndoa wamezaa watoto wangapi, walio hai na waliokufa. Niliwahi kufungua moja, mwenye nyumba kaijaza kwa mkono wake: 9, 5, 4. Sikuweza kuendelea siku ile.

Hatua ya 3: Madaftari ya parokia. Yalianza 1538 kwa agizo la Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane. Hapa soma ubatizo pamoja na mazishi. Mimi nilimfuata John mmoja kwa miezi, kijiji ndicho, mwaka ndio, mpaka nilipokuta amezikwa akiwa na miaka miwili.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Babu yake mama alikuja Mombasa kwa meli miaka ya 1920. Nianzie wapi?*
Marahaba mwanangu. Orodha za abiria walioondoka bandari za Uingereza, 1890 hadi 1960, zimehifadhiwa The National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa iliyoko Kew, London. Kwa miaka hiyo mara nyingi utapata umri, kazi na anwani aliyoiacha. Ukishapata anwani, nenda sensa ya 1921.

*Ya 1931 mbona siioni?*
Iliteketea kwa moto Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Tumia rejista ya wakazi ya tarehe 29 Septemba 1939. Ina hata tarehe za kuzaliwa.

*Jina letu la ukoo kila karatasi lina herufi zake. Ni watu tofauti?*
Huenda ni yuleyule. Kasisi aliandika alivyosikia, na wengi hawakujua kusoma wamsahihishe. Linganisha kazi, kijiji na majina ya watoto. Vitatu hivyo vikikubaliana, endelea naye.