Kumtuliza mwenye kiwewe kwa kuanzia mwilini

Mtu aliyenusurika ajali au kipigo anaweza kuwa salama kabisa leo, lakini honi ikilia tu mabega yanapanda, mate yanakauka, moyo unaenda mbio. Kumwambia "yameshapita, sahau" hakusaidii, maana mwili wake bado unajilinda. Njia hii inafuata mawazo ya Mmarekani Peter Levine, mtaalamu wa tiba ya kiwewe, aliyeanza kuyaunda miaka ya 1970: hakuna haja ya kufukua kisa chote, mwili unafunguka kidogo kidogo.

Kaa kwenye kiti chenye mgongo imara, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Macho yabaki wazi. Wengi huambiwa wayafumbe, na kwa mwenye kiwewe giza hilo ndilo mara nyingi linaloleta picha za tukio. Geuza shingo polepole, tazama mlango, tazama dirisha, taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona.

Kisha tafuta mahali mwilini pasipo na taabu. Si lazima pawe na raha. Visigino vinatosha, au viganja. Tulia hapo dakika 1. Pana joto? Pazito? Usiiruke hatua hii hata kama inaonekana ya kitoto, kwa sababu ukianzia kwenye maumivu huna pa kurudi.

Ndipo upeleke akili panapobana, tuseme kifuani, lakini ukingoni tu, si katikati. Sekunde 10 hadi 20, halafu rudi visiginoni mpaka pumzi ishuke. Nenda na kurudi mara 3, basi. Zoezi zima lisizidi dakika 15. Anayetaka kumaliza yote kwa siku moja ndiye anayekesha usiku huo.

Miayo, tumbo kunguruma, mikono kupata joto, mapaja kutetemeka kidogo: mwili unalegea. Usiuzuie.

Kosa kubwa liko kwenye pumzi. Mtu anavuta pumzi kubwa harakaharaka, hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) inapungua mno kwenye damu, vidole vinafanya ganzi na kichwa kinazunguka, naye anadhani balaa limerudi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6. Kule kutoa polepole ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo.

Sauti zikianza kusikika kwa mbali, au ukajiona kama uko nje ya mwili wako, acha papo hapo. Simama, sukuma ukuta kwa viganja sekunde 10, taja siku ya leo na mahali ulipo.

Unayemsaidia mwenzako, usimguse kabla ya kumwuliza, hata begani. Na akikwambia anawaza kujiua, zoezi limeishia hapo: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usimwache peke yake hata njiani.