Namna ya Kumsindikiza Mama Mkwe wa Kimeksiko Hospitali

Kama umeoa au umeolewa kwa Wameksiko wa hapa Los Angeles, iko siku utaambiwa umpeleke mama mkwe hospitali. Kila atakaloambiwa atajibu "sí, doctor", yaani "ndiyo, daktari". Usidhani ameelewa, wala usidhani amekubali. Mama aliyelelewa kijijini Michoacán, huko Meksiko, anamweka daktari daraja moja na padri: hamkatizi maneno, hamuulizi sababu. Sisi wa Tanga tusijifanye tunashangaa. (Mke wangu, aliyezaliwa huku, hubishana na madaktari mpaka haya naona mimi.)

Kazi ianze jana yake, jikoni. Akiwa anageuza tortilla, zile chapati zao za mahindi, muulize: "Doña, kesho ungependa daktari akueleze nini?" Atakachosema kiandike kwa Kihispania, maneno yake yaleyale, herufi kubwa. Muulize na majani anayochemsha na vidonge alivyogawiwa na jirani. Vitu hivyo humficha daktari, kwa kuogopa kugombezwa.

Mkalimani aombwe siku ya kuweka miadi, msingoje kufika. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumtoa bure. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mjukuu asitafsiri. Bibi gani atamweleza mjukuu wake habari za kizazi?

Mkiingia kwa daktari, usimsemee. Sema tu: "Daktari, mama ana maswali yake kwenye karatasi." Hapo karatasi ndiyo inayouliza, yeye anabaki na adabu zake. Kabla hamjatoka, mwombe mama amweleze daktari kwa maneno yake mwenyewe dawa ataitumiaje. Mara nyingi hapo ndipo inajulikana kwamba zile "sí" zote zilikuwa heshima tu.

Fomu ya kusaini ndiyo ya kuiangalia kwa macho mawili. Miaka ya 1960 na 1970, wanawake wenye asili ya Meksiko walifungwa uzazi katika hospitali ya kaunti, hapahapa Los Angeles. Baadhi waliletewa karatasi za Kiingereza wakiwa katikati ya uchungu wa kuzaa, wakasaini kwa kuwa aliyesema ni daktari. Wanawake 10 walikwenda mahakamani, kesi ya Madrigal dhidi ya Quilligan. Mwaka 1978 jaji aliwapa ushindi madaktari. Kwake yeye pande mbili hazikuelewana tu. Mimi nikisoma hukumu ile hunipanda hasira. Leo kufunga uzazi kwa fedha za serikali kuu kuna masharti: mwanamke awe ametimiza miaka 21, na kwa kawaida zipite siku 30 tangu asaini.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele yenu na kalamu, anahimiza, jibu kwa upole: "Tunaomba ya Kihispania, tukae tuisome." Kama si dharura, ombeni muende nayo nyumbani. Sijaona daktari mzuri aliyekasirika kwa hilo.

Jioni simu italia. Ni kaka mkubwa wa mkeo, anataka kujua umeamua nini kuhusu mama yake. Usimjibu. Mpe simu mama mwenyewe.