Kuhama kutoka king'amuzi hadi intaneti

Kabla ya kusitisha malipo ya king'amuzi, pima kasi ya intaneti pale runinga ilipo, hasa jioni, wakati majirani wengi nao wako mtandaoni. Netflix hupendekeza angalau megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p (angavu, yaani HD), na 15 kwa 4K (angavu zaidi). Suala zito zaidi ni bando: saa moja ya picha ya HD yaweza kula hadi gigabaiti 3, kwa hiyo bila kifurushi kisicho na kikomo, gharama huenda ikazidi ile ya king'amuzi. Runinga isiyo janja huhitaji kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI. Wapenzi wa mpira, hakikisheni kwanza ni nani mwenye haki za kuonyesha ligi mnayoifuata.