Maji ya kisima yana chumvi? Anzeni na kuvu shimoni

Mnaolima Kisauni na Likoni, Mombasa, kwa maji ya kisima yenye chumvi, tafuteni mikoriza, kuvu ya udongoni inayouzwa ikiwa unga au chembechembe. Itieni kwenye shimo la mche, iguse mizizi. Mkiimwaga juu juu, pesa zimepotea. Nyuzi zake hufika mizizi isipofika, zikaleta maji na fosforasi, na mmea hunyonya sodiamu, sehemu ya chumvi, kwa kiasi kidogo kuliko kawaida. Nyanya, pilipili, biringani na kunde huipokea vizuri. Sukuma wiki na mchicha kwa kawaida haziipokei, hapo msijisumbue. Mbolea ya DAP nayo punguzeni, maana fosforasi yake ikiwa nyingi huizuia kuvu kushika mizizi. Chumvi yenyewe kuvu haiondoi: hiyo yataka mvua ya masika iioshe.