Kuwashirikisha ndugu wa nyumbani maisha ya kila siku ya ughaibuni

Habari za sherehe zitawafikia ndugu hata usipojitahidi. Wanachokikosa ni yale ya katikati ya wiki: watoto wanalala chumba gani, nani huwaamsha, njia ya shule ikoje, dirishani kunaonekana nini. Mwaka ukipita bila hayo, mjukuu hukua akiwa mgeni kwa bibi yake, na bibi naye kila simu huishia "hamjambo?" kwa kuwa hana pa kuanzia mazungumzo. Kuliziba pengo hilo hakuhitaji kamera ya maana. Kunahitaji mpango unaobebeka na simu ya yule anayepokea.

Anza na simu ya anayepokea

Kabla ya picha ya kwanza, orodhesha wote unaotaka kuwafikia. Mbele ya kila jina andika ana simu gani, nani humwekea bando, macho yake yanasoma maandishi madogo au la, na saa ngapi za siku huwa ametulia. Mpango mzima upimwe kwa mwenye simu dhaifu kuliko wote. Kama babu ana kitochi, mtafute kijana wa nyumba ile ile mwenye simu janja, mkubaliane siku ya kuketi naye amwonyeshe picha na kumsikilizisha sauti. Kijana huyo umgharamie bando bila kungoja akuombe, maana mipango mingi hufia hapo.

Mtu akisema picha hazifunguki, mara nyingi memori imejaa au bando limekata. Mwombe aliye karibu naye aingie kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, azime upakuaji otomatiki wa video, wa picha auache ukiwa umewashwa. Tena kumbuka kwamba ujumbe usiofika hukaa kwenye seva za WhatsApp kwa siku 30, kisha hufutwa. Ndugu ambaye simu yake hulala imezimwa kwa miezi atumiwe upya anaporudi hewani.

Picha tatu na maneno mawili matatu

Kutuma picha 40 kwa mpigo humchosha mpokeaji, naye hupitisha kidole tu. Tatu za jambo moja zinatosha. Ya kwanza iwe ya mbali, ionyeshe mahali. Ya pili iwe ya mtu akifanya kazi yake. Ya tatu iwe ya karibu sana: mkono ukivuta zipu ya koti, daftari lililofunguliwa penye mwandiko wa mtoto. Hiyo ya karibu ndiyo wazee huikuza kwa vidole na kuitazama muda mrefu, kwa hiyo usiiruke.

Chini ya picha andika nani, wapi, lini, na jambo moja ambalo jicho haliwezi kuliona. "Amina, kituo cha basi, Jumanne asubuhi. Hapa husubiri dakika 10, na baridi ilikuwa kali hata vidole vikafa ganzi." Bila sentensi ya mwisho, hiyo ni picha ya mtoto amesimama tu.

Picha ya kawaida ya simu huwa na MB 2 hadi 5. WhatsApp huibana ikashuka chini ya MB moja, na kwa kutazama kwenye simu hiyo inatosha kabisa. Ukitaka ibaki na ubora wake wote, itume kama faili, lakini jihadhari na mambo mawili. Kwanza, picha za iPhone huhifadhiwa katika umbizo la HEIC, ambalo simu nyingi za zamani haziwezi kulifungua. Badilisha mpangilio wa kamera ili ihifadhi JPEG, umbizo linalofunguka karibu kila simu. Pili, faili hubeba taarifa zote zilizomo, pamoja na mahali hasa picha ilipopigwa. Picha ya sebuleni iliyotumwa hivyo na kusambazwa inaweza kumpa mtu usiyemjua ramani ya nyumba yenu, kwa hiyo izuie kamera kurekodi mahali.

Sauti hufika pasipofika video

Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa kawaida haufiki hata nusu MB. Dakika moja ya video ya ubora wa 1080p, jinsi simu inavyoirekodi, ni MB 60 hadi 130 kutegemea namna simu inavyobana. Kwa mzee asiyesoma, au mwenye bando la kuunga-unga, sauti ndiyo iwe njia kuu.

Rekodi jambo moja kwa ujumbe mmoja, usizidi dakika mbili. Taja jina lako na siku mwanzoni, kwa sababu ujumbe husikilizwa tena miezi ikishapita na hakuna akumbukaye ulikuwa wa lini. Simu iwe kiasi cha sentimita 20 kutoka mdomoni, mgongo ukiuelekea upepo. Mtoto usimwambie "msalimie bibi", kwani atasema neno moja na kukimbia. Muulize kitu akijibu huku unarekodi: leo mlicheza nini, nani alishinda, nani alilia? Kelele za vyombo jikoni ziache zisikike. Ndugu huzipenda, na zinawaambia mengi.

Ukilazimika kutuma video, rekodi kwa ubora wa chini zaidi, 720p, sekunde 30 hadi 40, na ushikilie kila kitu sekunde tano kabla ya kuhamisha simu. Kuizungusha haraka hufanya picha ivurugike zaidi inapobanwa, na wenye macho dhaifu hupata kizunguzungu.

Simu ya video yenye saa yake

Chagua siku na saa, na saa hiyo ifuate utulivu wa nyumbani. Ninyi mlio ugenini ndio msogee. Hapa familia nyingi hujikwaa mara mbili kwa mwaka: nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba; sehemu kubwa ya Marekani hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Nchi za karibu na ikweta kwa kawaida hazibadili. Kwa hiyo mkishasogeza saa mbele na mkapiga kwa saa yenu ileile, nyumbani simu italia saa nzima mapema, watu wakiwa bado kazini. Andika tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani.

Simu isimame yenyewe, imeegemezwa kwenye kitu, usawa wa macho. Dirisha liwe mbele yenu. Likiwa nyuma, nyuso hugeuka vivuli vyeusi. Anza kwa sauti tupu kwanza, hakikisha mnasikilizana, ndipo uwashe video. Picha ikianza kuganda, zima video na uendelee kuongea, maana ukikata na kupiga upya, dakika nzuri huishia kwenye "unanisikia?". Mwangwi wa kelele mara nyingi hutokana na simu mbili zilizo chumba kimoja kwenye mazungumzo yale yale. Mmoja azime kipaza sauti au mketi kwa simu moja.

Mtoto mdogo mpe kazi: amwonyeshe shangazi mchoro, amhesabie mjomba hadi 20. Na upande wa pili uwe na zamu pia. Omba kitu mahususi: "Babu, mwonyeshe mti ule ulioupanda." Ndugu wanaotazama tu kila wiki huanza kujiona watazamaji, na polepole huacha kupokea.

Yanayohitaji makubaliano mapema

Jina la shule, sare yenye nembo na namba ya nyumba visionekane. Waambie ndugu wazi kwamba picha za watoto zisiwekwe kwenye statasi wala kusambazwa kwenye makundi mengine, na umteue mkubwa mmoja wa ukoo awakumbushe. Akisema yeye, neno hilo halichukuliwi kama majivuno yenu. Habari za ugonjwa au kupoteza kazi zitangulie kwa simu kwa mtu mzima mmoja, kabla mtoto hajazitoa kwenye ujumbe wa sauti.

Picha pia huumba dhana. Mkituma matembezi ya Jumapili peke yake, nyumbani watahesabu kwamba mnaishi Jumapili mwaka mzima, na maombi ya pesa yatafuata hesabu hiyo. Tuma pia rundo la nguo za kufuliwa, baba akirudi usiku kutoka zamu, mkeka wa bili mezani (namba zikiwa zimefunikwa).

Kuhifadhi

Zima ujumbe unaojifuta kwenye kundi la familia, ambao huweza kuondoa kila kitu baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Kila mwisho wa mwezi hamisha picha na sauti kwenye folda yenye jina la mwaka na mwezi, mfano 2025-03, na uwe na nakala mbili mahali pawili tofauti.

Mara mbili kwa mwaka chapisha picha 30 hivi za ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Ili zitoke safi, upana usipungue pikseli (nukta zinazounda picha) 1200 na urefu 1800, basi chapisha kutoka faili la asili, si lililopitia WhatsApp. Nyuma andika majina na tarehe kwa penseli laini, maana wino wa kalamu huweza kupenya.

Kwa wenye televisheni, jaza flashi video za MP4. Flashi nyingi huja na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, usiopokea faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo katakata video ndefu. Ichomeke kwanza kwenye televisheni yenu uone inacheza, ndipo umkabidhi msafiri.